Kabla Hujasema Gemu Imekuwa Laini

Usiku mmoja, saa sita na ushee, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu ikiwa kwenye chaja, nikipambana na jitu linaloitwa Jad. Wanaocheza Old School RuneScape wanalijua. Ili ulifikie, unapita kwanza mawimbi 62 ya wanyama ndani ya pango, na mimi yalinila karibu saa mbili. Wimbi la 63 ni lake peke yake. Ukiwa mbali naye, Jad hupiga kwa namna mbili. Akijiinua na kuning'iniza miguu ya mbele hewani, ujue unakuja uchawi. Akiikita miguu hiyo chini kwa kishindo, linakushukia jiwe. Kila pigo lina sala yake ya kulikinga, na ni lazima ubadilishe sala kabla pigo halijafika. Ukikosea, pigo moja laweza kufika 97, na uhai wa mchezaji aliyekomaa kabisa ni 99. Hapo hakuna haja ya kalamu na karatasi.

Nilimfikisha nusu. Wakajitokeza waganga wake wanne kuja kumtibu, nikageuka kuwachokoza wamwache, na nilipoinua macho nilikuwa nimekufa. Saa mbili zimekwenda na maji.

Asubuhi yake, hata chai sijanywa, nikaandika kwenye kikundi chetu kwamba gemu hii inaonea watu na Jad apunguzwe makali. Mpwa wangu, anayesoma chuo Arusha, akanijibu kwa swali: "Mjomba, alikuua kwa lipi, uchawi au jiwe?"

Sikujua. Nilikuwa tayari na dawa mkononi, ugonjwa siufahamu.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya watu kama mimi wa asubuhi ile: wachezaji wa gemu hizi za mtandaoni za kujenga mhusika, ambao kila yanapotangazwa maboresho mapya hugawanyika kambi mbili. Kambi moja inalia kwamba gemu imekuwa ngumu kupita kiasi. Nyingine inalia kwamba imelainishwa kwa ajili ya wavivu. Nimekaa kambi zote mbili. Nilichojifunza ni kwamba neno "gumu" peke yake halisemi kitu mpaka uongeze: gumu kwa nani, na ugumu wa aina gani.

Anza na aina. Upo ugumu wa mkono, kama huo wa Jad: jicho lione, kidole kitii, vyote kwa wakati. Upo ugumu wa kichwa, ambapo ukishajua siri ya bosi kazi imekwisha, na kama hujui hata uwe na mkono wa umeme utakufa. Aina hizi mbili hazina ubishi mkubwa. Watu wengi wanazikubali, na aliyeshindwa jana akishinda leo hufurahi kwelikweli.

Ugomvi uko kwenye ugumu wa muda. Katika Old School RuneScape, kufikisha ujuzi mmoja leveli 99 kunahitaji pointi 13,034,431. Ukifika leveli 92 unazo 6,517,253. Tazama tena namba hizo. Leveli 92 ndiyo nusu ya safari. Mgeni anayekata kuni akaona 92 anadhani bado hatua saba, kumbe ndiyo kwanza yuko katikati ya njia. Je, huo ni ugumu? Hakuna anachoweza kukosea. Anabofya mti, anasubiri, anabofya mwingine. Kinachopimwa ni uvumilivu, na uvumilivu una bei tofauti kwa mwanafunzi aliye likizo na kwa mama anayefungua duka saa moja asubuhi. Kwa hiyo mtu akikuambia maboresho fulani "yanarahisisha gemu" kwa sababu yanapunguza saa za kusota, muulize kwanza kama yanagusa mkono, kichwa, au kalenda tu.

Halafu kuna bahati, ambayo watu huichanganya na ugumu kila siku. Ule mjeledi maarufu wa majini ya abyssal una nafasi 1 kati ya 512 kila unapoua jini mmoja. Wengi hudhani kwamba wakiua 512 wameupata. La. Chukua wachezaji 100, kila mmoja aue majini 512: 37 hivi watabaki mikono mitupu. Ili tisa kati ya kila kumi wawe nao, kila mmoja ajiandae kuua karibu 1,180. Namjua kijana aliyeacha gemu akiwa ameua 900 na kitu, akiamini akaunti yake ina nuksi. Haikuwa na nuksi yoyote. Alikuwa mmoja wa wale ambao hesabu ilishasema watakuwepo. Kama angelalamika kwamba mfumo wenyewe wa bahati nasibu tupu unaumiza, na kwamba afadhali nafasi ipande kadiri unavyokosa, ningemuunga mkono. Ni hoja nzuri na zipo gemu zinazofanya hivyo. Lakini kusema "jini huyu mgumu" kusingekuwa kweli. Alimuua mara 900!

Na kwetu sisi kuna ugumu mwingine ambao wazungumzaji wengi wa mambo haya hawaugusi kwa sababu hawaujui: ugumu wa mtandao na wa mfuko. Ukicheza kutoka Dar es Salaam au Bukavu, mara nyingi sava unayochezea iko Ulaya au Marekani. Amri ya kidole chako inasafiri, inafika, na jibu linarudi, na safari hiyo inakula sehemu ya sekunde. Katika gemu ambazo kukwepa panga ni suala la kufumba na kufumbua, sehemu hiyo ndiyo uhai wako. Old School RuneScape ina bahati yake hapo: saa yake ya ndani hupiga kila baada ya sekunde 0.6, na yote uliyobofya kati ya pigo na pigo huhesabiwa kwenye pigo linalofuata. Kama safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 200, bado umo. Ndiyo maana mzee kama mimi anaweza kuicheza kwa simu, tangu ilipoletwa kwenye simu mwaka 2018, akiwa na bando la kawaida. Jipe mazoea ya kuangalia namba ya ucheleweshaji kabla ya kuingia vitani, na uchague sava yenye namba ndogo hata kama rafiki zako wako kwingine. Na ukija kulalamika kwamba bosi hakwepeki, itaje namba hiyo. Mwenzangu aliyeko Muscat na mimi tulibishana wiki nzima juu ya bosi mmoja wa gemu nyingine, yeye akisema ni mwepesi, mimi nikisema ni mnyama. Tulipolinganisha, namba yangu ilikuwa karibu mara mbili ya yake. Tulikuwa tunapigana na mabosi wawili tofauti wenye sura moja.

Kuhusu mfuko sitasema mengi. Kama huna kadi ya benki ya kulipia uanachama, gemu hii ina hati unayoweza kuinunua kwa dhahabu ya ndani ya gemu kutoka kwa mchezaji mwingine aliyeilipia kwa fedha halisi, nayo inakupa siku 14. Piga hesabu saa unazotumia kuitafuta dhahabu hiyo. Kama siku 12 kati ya 14 zinaliwa na kutafuta hati inayofuata, hiyo imekuwa kibarua, na kibarua kisicho na mshahara.

Sasa tuje kwa "nani".

Mfano ninaoupenda ni wa World of Warcraft, mwaka 2010. Toleo lililotangulia, la 2008, lilikuwa limezoesha watu mapango mepesi: unaingia na wenzako wanne, mnafagia, mnatoka na zawadi. Wachezaji wakongwe wakalalamika miaka miwili. Kampuni ya Blizzard ikasikia. Toleo la Cataclysm lilipotoka tarehe 7 Desemba 2010, mapango ya ngazi ya juu yalikuwa yamekazwa kwelikweli: mponyaji anaishiwa nguvu, adui mmoja asipodhibitiwa wote mnalala chini. Wakongwe walikuwa wamepewa walichokiomba. Zikapita wiki chache, ikazuka kelele kubwa kuliko ile ya kwanza. Mwezi Januari 2011 Greg Street, mmoja wa wabunifu wakuu, akaandika maelezo marefu ya kutetea ugumu ule na kuwaomba watu wavumilie, wajifunze. Miezi iliyofuata mapango yakapunguzwa makali hata hivyo, na kabla mwaka haujaisha ikaletwa ngazi mpya, laini, ya vita vikubwa, ambayo mtu yeyote angeweza kuingia bila kujuana na yeyote.

Ukisoma kisa hiki haraka utasema wachezaji hawajui wanachotaka. Mimi nasema hapana. Wale walioomba ugumu na wale waliolia baadaye hawakuwa watu wale wale. Desemba 2009, mwaka mmoja kabla, gemu ilikuwa imeleta mashine ya kuwakutanisha watu watano wasiojuana, kutoka sava mbalimbali. Pango lile lile, kwa marafiki watano wanaosikiana sauti, lilikuwa jioni tamu. Kwa watu watano waliokutanishwa na mashine, lugha hazifanani, kila mmoja ana haraka zake, lilikuwa mateso ya saa mbili yanayoishia kwa matusi na mtu kutoka katikati. Ugumu haukuwa ndani ya pango peke yake. Nusu yake ilikuwa kwenye kikundi. Waliojitangaza kuwa wajuzi hawakuliona hilo kwa sababu wao hawakuwahi kuingia peke yao. Idadi ya waliolipia gemu ile, iliyokuwa imepita milioni 12 Oktoba 2010, ilishuka hadi milioni 10.3 mwaka uliofuata. Siwezi kuubebesha ugumu wa mapango mzigo wote huo, maana gemu ilikuwa na umri wa miaka sita na watu huchoka. Lakini kila ninapotaka kuandika "wachezaji tunataka changamoto" nakumbuka kwamba neno hilo "wachezaji" nimelijaza marafiki zangu watano.

Richard Bartle, aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kutengeneza gemu ya MUD katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba watu huja kwenye dunia hizi kwa haja nne: wapo wanaotafuta mafanikio, wapo wanaotaka kuchungulia kila kona, wapo waliofuata watu, na wapo wanaotaka kuwasumbua wenzao. Mgawanyo huo umekosolewa sana na hauingii kila mahali. Hata hivyo jaribu kujiuliza, kabla ya kubishana na mtu, yeye amekuja kufanya nini. Aliyekuja kupiga soga na kuvua samaki jioni hatakuelewa ukimwambia kwamba kupunguza mawimbi ya pangoni kunaua gemu. Hajawahi kuliona hilo pango.

Tena kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema wazi. Ubishi mwingi wa ugumu ni ubishi wa heshima. Ukimshinda Jad unapewa joho la moto, unalivaa mgongoni, na kila unayekutana naye sokoni analiona. Joho hilo lina faida yake vitani, kweli, lakini watu wanalitaka kwa sababu linasema jambo juu yako bila wewe kufungua mdomo. Mwaka 2017 lilipoletwa pango lingine lenye mawimbi 69 na bosi wa kutisha zaidi, likaja na joho lake, na ubishi ukahama hapo: lisiguswe, ama lilegezwe? Anayesema lisiguswe mara nyingi ni aliyelivaa. Simlaumu, alilipia kwa usingizi. Ila aseme hivyo. Akisema "nimelisotea hili na sitaki lipoteze thamani", tunaweza kuzungumza naye: labda itengenezwe njia laini yenye zawadi nyingine, labda kuwe na ngazi. Final Fantasy XIV wameishi na ngazi kwa miaka: hadithi yenyewe anaimaliza yeyote, na juu yake kuna ngazi mpaka zile za watu wachache sana wenye miezi ya kupoteza. Hata wao waliwahi kukosea kipimo. Mwaka 2015 ngazi moja ya juu ilikazwa kiasi kwamba vikundi vingi vilivunjika, na baadaye zikaja awamu zilizolegezwa.

Usije ukadhani kwamba nasema wanaolalamika siku zote ni dhaifu. Mwaka 2006, vikundi bora vya World of Warcraft duniani vilikaa wiki nyingi mbele ya bosi mmoja, C'Thun, bila kumwangusha. Hawakusema "ni mgumu" wakaishia hapo. Walipiga hesabu, wakaonyesha kwamba kwa silaha zilizokuwepo wakati ule, nguvu zote za watu 40 hazitoshi kumaliza kazi kwa muda unaotakiwa. Kampuni ikamrekebisha, na akaanguka muda mfupi baadaye. Lalamiko lenye namba lina miguu.

Basi ukitaka kusikilizwa, andika kama shahidi. Hebu tazama maandishi haya mawili. La kwanza: "Bosi huyu takataka, anaonea, mpunguzeni nguvu kabla hatujahama wote." La pili: "Nimempiga mara 14 kwa simu. Ninafika nusu ya uhai wake kila mara. Waganga wakitokea inabidi niguse upande wa kulia wa skrini, na kiganja changu kinafunika miguu yake ya mbele, hivyo sioni ishara ya pigo. Mara 9 kati ya 14 nimekufa hapo. Nikitumia kompyuta ya rafiki yangu, sifi hapo." Aliyeandika la pili hajaomba chochote. Lakini mtengenezaji anayelisoma anajua papo hapo kwamba tatizo haliko kwenye nguvu za bosi. Liko kwenye mpangilio wa skrini ya simu, na pengine linatibika kwa kuhamisha kitufe. Wa kwanza, hata akisikilizwa, angepata tiba isiyo yake: bosi angepunguzwa nguvu kwa wote, na yeye angeendelea kufunika ishara kwa kiganja.

Mark Rosewater, mbunifu mkuu wa Magic: The Gathering, alieleza jambo hili mwaka 2016 mbele ya watengeneza gemu waliokutana San Francisco. Kwa maneno yangu: hadhira ni hodari wa kutambua kwamba kuna kasoro, na si hodari wa kuitibu. Daktari naye haulizi mgonjwa apewe dawa gani. Anauliza panauma wapi, tangu lini, na ukiinama je. Kwa hiyo taja leveli yako, vifaa vyako, idadi ya majaribio, kifaa unachochezea, na sekunde mambo yalipoharibika. Kama unaweza, rekodi skrini. Nusu ya malalamiko yangu yamekufa nilipoitazama rekodi yangu mwenyewe, jambo ambalo si la kufurahisha lakini linaokoa muda wa watu.

Kwa upande wa pili, mgeni akija analia, usimjibu "jifunze kucheza." Ni jibu la uvivu. Muulize swali lile la mpwa wangu. Na matusi kwa watengenezaji waachie wengine. Mtu aliyetukanwa asubuhi nzima hasomi barua ya pili kwa makini, hata iwe nzuri.

Ubishi wa maboresho yajayo una mambo yake. Hapa RuneScape ndiyo darasa, kwa sababu ni miongoni mwa gemu chache ambazo wachezaji hupiga kura kweli. Historia yake kwa kifupi: mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliondoa biashara huru kati ya wachezaji na mapigano yao ya nyikani ili kuwakomesha wanaouza dhahabu ya gemu kwa fedha halisi. Wengi wakasusa. Baadaye ikaitisha kura, zikapigwa zaidi ya milioni 1.2, na mwaka 2011 vyote viwili vikarudi. Novemba 2012 ikabadilisha mfumo mzima wa kupigana, na safari hii wengi waliondoka bila kuaga. Februari 2013 ikaitisha kura nyingine: je, tuwafungulie gemu kama ilivyokuwa Agosti 2007, kutokana na nakala ya zamani tuliyoikuta? Karibu watu 450,000 walisema ndiyo. Hiyo ndiyo Old School, na iliwekewa kanuni: jambo jipya lolote haliingii mpaka asilimia 75 ya wapiga kura walikubali. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi 70.

Fikiria maana ya kanuni hiyo. Kwa kiwango kile cha 75, mtu mmoja katika kila wanne, na kidogo juu yake, aliweza kuzuia jambo ambalo watatu walilitaka. Imeikinga gemu na pupa, hilo ni kweli. Pia imewapa watu rungu la kuwapigia wenzao. Maboresho ya mapigano ya mchezaji kwa mchezaji yalikuwa yakianguka mara kwa mara, kwa sababu wengi wa wapiga kura hawapigani na wanawachukia wanaowavizia nyikani. Walipiga "hapana" kwa jambo lisilowagusa ili jirani akose. Kwenye karatasi ya kura kuna kitufe cha kuruka swali. Kitumie. Kama hujawahi kuingia nyikani, hujui mkuki upi una nguvu kupita kiasi kule, kama mimi nisivyojua. Nilikaa miaka nikipiga "hapana" kwa kila swali la huko, na naona haya kulisema.

Halafu chukua kisa cha ubaharia. Wazo la kuongeza ujuzi wa kuendesha vyombo baharini lilianza kama utani wa Siku ya Wajinga. Mwaka 2015 likapigiwa kura kwa dhati, likaanguka. Wazo jingine la ujuzi mpya likaanguka 2019. Mwaka 2023 kampuni ikabadili utaratibu: badala ya kuleta kitu kilichokwisha kupikwa na kuuliza ndiyo au hapana, ikauliza kwanza kama watu wanataka ujuzi mpya kabisa, halafu ikaweka matatu mezani, na ubaharia ukashinda. Ukapikwa hadharani, ukajaribiwa na wachezaji, ukapita kura, na Novemba 2025 ukaingia. Zaidi ya miaka kumi ili watu wakubali kupanda chombo! Lamu wangeshangaa. Nilisoma hoja za wapinzani wa 2015 na wa 2023, na nyingi zilikuwa neno moja limerudiwa: haitakuwa gemu yetu tena. Hoja hiyo siidharau, kwa sababu Novemba 2012 ilikuwa ya kweli. Wale wa 2023 walioisaidia zaidi kampuni, hata hivyo, ni waliotaja kitu: chombo kikigeuka polepole hivi nitachoka baada ya dakika kumi, kama safari haina hatari, nitaangalia runinga. Hayo yanarekebishika. Hofu isiyo na jina hairekebishiki.

Ushauri wa mfukoni kuhusu ahadi: nunua kilichopo mezani. Novemba 2005 wachezaji wa Star Wars Galaxies walinunua nyongeza mpya ya gemu yao, na siku chache tu baadaye wakatangaziwa kwamba mfumo mzima wa kucheza unabadilishwa. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ilikubali kurudisha fedha za nyongeza ile. Gemu ilifungwa Desemba 2011. Lakini Final Fantasy XIV ilitoka 2010 ikiwa mbovu mpaka wenyewe wakaomba radhi, akaletwa msimamizi mpya, Naoki Yoshida, ikajengwa upya kutoka msingi, na ilipofunguliwa tena Agosti 2013 ikawa moja ya gemu kubwa za aina yake. Kwa hiyo siwezi kukuambia usubiri wala usisubiri. Ninachokuambia ni kwamba ramani ya mwaka ujao inayochorwa na kampuni ni nia tu, na kama leo gemu haikupi raha, usilipie miezi sita ukingoja raha ya Septemba. Funga, nenda kacheze kingine, utasimuliwa. Akaunti yako haiozi.

Kuhusu Jad, nilirudi. Safari ya pili nilikufa kwa jiwe, na hilo nililijua kwa hakika na nikaliandika kikundini kama ripoti ya polisi. Ya tatu nilivihamisha vitufe vya sala kwenda upande wa kushoto ili kiganja kisinifunike, nikanunua bando kabla ya kuanza, nikamwambia kila mtu nyumbani asiniite. Nikamwangusha saa saba na dakika kumi usiku. Nilimpigia mpwa wangu, akapokea akiwa nusu usingizini.

"Hongera, Mjomba," akasema. "Kesho utaanza kusema asipunguzwe."

Sikumjibu. Sentensi hiyo nilikuwa nimeshaiandika nusu.